Mita Tisini na Tano

Barua yenye muhuri haibishi hodi.
Iliniambia Jumamosi tano, saa tatu hadi saa sita,
ghorofa ya kwanza, juu ya duka la matairi, mjini Graz,
na kwamba nisipofika leseni itabaki ilipo,
kwenye droo ya mtu nisiyemjua.

Tulikuwa watano. Harufu ya mpira mpya
ilipanda ngazi nyuma yetu, ikaketi nasi.
Ottokar, miaka kumi na tisa, magoti hayatulii:
alishindana na rafikiye darajani usiku wa manane.
Zdravko wa gari la mikate: simu begani, taa nyekundu.
Walburga, aliyemwandama mwenzake barabara kuu
kwa ukaribu wa kumhesabia mvi.
Bi Leopoldine hakusema lake. Alileta keki ya tufaha
akaikata vipande sawa, kama anayegawa mirathi.

Na mimi, Engelbert, fundi wa lifti.
Kazi yangu, mwaka wa ishirini na mbili huu, ni breki:
nazipima ili watu wapande hadi ghorofa ya tisa
wakiwaza chakula cha jioni.
Nilikwenda themanini na nne penye thelathini.
"Lakini njia ilikuwa tupu," nikasema.
Nilimwambia hivyo polisi. Nilimwambia hivyo wakili,
na mke wangu, akiwa amenipa mgongo.
Maneno yalikuwa yamelainika kwa kutumiwa,
kama mpini wa nyundo.

Mwanasaikolojia, Bi Hollensteiner, hakubisha.
Angekuwa mkali ningepata pa kumshika.
Aliitikia tu, akaandika.

Jumamosi ya tatu akatushusha uani.
Theluji ya majimaji; chaki ikakataa kuandika.
Akachukua ndoo nyekundu ya mfagiaji
akaiweka mita ishirini kutoka ukutani.
"Hii ni chochote," alisema.
"Hapa ukutani ndipo unapokiona.
Anayekwenda thelathini husimama hapa,"
na kwa kisigino akachora mstari, hatua mbili kabla ya ndoo.
"Haya. Kila mtu aende akasimame
pale ambapo gari lake lingesimama."

Ottokar alitoka getini, akavuka mtaa, akapotea;
ikabidi tumwite arudi, huku tunacheka.
Kisha zamu yangu.

Kanuni ya darasani ilinipa mita tisini na tano.
Nikahesabu.
Ndoo niliipita kwenye ishirini.
Nikayapita mapipa ya taka, nikalipita geti,
nikalipita dirisha la muuza maua, aliyenitazama
nikitembea wima, midomo ikicheza na tarakimu.
Kicheko kilikuwa kimebaki uani.
Na mahali fulani, kwenye sitini na kitu,
nikamwona:
mwanamume wa makamo, mbwa mfupi, kamba ya kijani.
Mguu mmoja ulikuwa tayari barabarani.
Akaurudisha
kama mtu anavyourudisha mkono
akigundua sahani si yake.

Njia ilikuwa tupu
kwa kuwa kuna aliyeniachia.

Nilizimaliza mita zilizobaki, maana ndivyo nilivyoagizwa,
nikasimama mbele ya kinyozi aliyefunga.
Nilipogeuka, ndoo haikuonekana.

Siku ile sikuwaambia. Nilirudi, vidole vimekufa ganzi,
na Bi Leopoldine akanikabidhi kipande kikubwa kuliko vingine.
Mara ya kwanza visu vyake kukosea.
Sijui aliona nini usoni pangu. Sijui yeye alimpita nani.

Cheti kinasema nimehudhuria.
Ni kweli, kwa mita tisini na tano nilihudhuria.

Narudi nyumbani kwa tramu hadi mwezi wa tano,
na kila penye mbwa mfupi naangalia kamba.
Jumatatu, kwenye jengo la bima, nilijaribu breki:
lifti ikashika, imepita sentimita nne tu.
Nikaandika nne.
Wapangaji wakasubiri, mmoja akatazama saa.
Nikaipandisha juu, nikaijaribu tena.