Asiposana, Huvukuta

Matevž aliingia siku ya theluji ya mwisho,
mkono mmoja umening'inizwa shingoni kwa kitambaa,
wa pili umeshika kulabu yake ya kuvutia magogo,
ile tuiitayo cepin, yenye mdomo wa mwewe.
Mdomo haukuwapo.
Akaiweka juu ya fuawe. Hakuketi.
"Ilikatika gogo likiwa njiani," akasema.
"Nataka nyingine."

Baba hakuuliza gogo lilikwenda wapi.
Bonde zima lilijua: liliserereka mteremko mzima
likamkuta Tinče, mdogo wake, akifunga mnyororo,
na tangu hapo Tinče ana miguu ya kutazama tu.

Matevž akatoa mfukoni ile ncha, imefungwa kwa leso.
Baba akaigeuza dirishani.
Chuma kikivunjika huonyesha uso wake wa ndani:
kizima ni hariri ya kijivu,
kilichoungua ni chembechembe, kama sukari guru.
Hiki kilikuwa sukari.
Baba akanitazama, mara moja tu,
akaitia ncha katika aproni.

Wanasema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.
Nilivukuta.
Novemba ile nilivukuta macho yakiwa barabarani,
nikisubiri pikipiki ya mtu nisiyemtaja,
na moto ukapanda, ukapanda,
hadi chuma kikaanza kutema nyota nyeupe.
Nikaziona nzuri!
Baba alikuwa nje, akimshika farasi wa jirani kwato.
Aliporudi nyota zilikwisha,
nami nilikwisha kunyamaza.

Asubuhi iliyofuata akaleta springi ya lori la jeshi,
akaikata, akaiweka makaani,
kisha akapita upande wangu, akaushika mpini wa mivukuto.
"Leo navukuta mimi," akasema.
Nyundo ilikuwa pale ilipo, na koleo pale lilipo.

Nikangoja rangi ya kiini cha yai la kienyeji, isizidi.
Nikafua. Nikarudisha motoni. Nikafua.
Tundu la mpini nililitoboa upande huu na upande huu
hadi matundu mawili yakasalimiana katikati.
Mdomo nikauvuta polepole, nikaukunja juu ya pembe ya fuawe,
na kila nilipoinua macho
baba alikuwa anautazama moto, wala si mimi.

Nikaipoza majini. Nikaisugua ncha kwa jiwe ikang'aa,
nikairudisha karibu na joto, nikaiona rangi ikitambaa:
nyasi kavu, asali, shaba.
Kabla ya zambarau, majini tena.
Mvuke ukanipiga usoni. Nikautumia kujificha.

Mpini ni jesen. Kwetu neno hilo ni mti,
na ukilitamka kwa mkazo mwingine ni majira ya majani kuanguka.
Haupasuliwi kwa msumeno, maana msumeno hauulizi njia.
Unapigwa kabari, unafuata nyuzi zake.
Nikauchonga kwa kisu cha mikono miwili,
nikaukwangua kwa kipande cha chupa,
nikaupaka mafuta ya kitani mara tatu, siku tatu.

Matevž akarudi. Akaijaribu papo hapo
kwenye gogo la msonobari lililolala mlangoni:
tak. Ikang'ata. Akavuta, gogo likamfuata.
"Ile ya kwanza niliiunguza mimi," nikasema.

Akaupitisha mkono juu ya mpini, kuteremka na kupanda.
"Ni mrefu kidogo," akasema.
Akalipa bei nzima, sarafu kwa sarafu;
baba alipomrudishia nusu, akaiacha juu ya fuawe
akaenda zake.

Sarafu zile zililala pale hadi Jumapili.
Ncha iliyovunjika niliikuta baadaye,
imetundikwa kwa waya juu ya mivukuto,
mahali ambapo anayevukuta hawezi kuitazama barabara
bila kuiona kwanza.