Tumboni mwa Farasi

Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya mabasi ya watalii,
winchi hunipandisha hadi kwenye sikio la farasi
na ndoo, brashi, na mkate wangu wa jibini.
Chini, Roma inapiga miayo.
Jengo hili wenyeji huliita mashine ya taipu,
keki ya harusi. Bibi mmoja sokoni
huliita meno ya bandia.
Mimi naliita kazini.

Mfalme wa kwanza ameketi juu yangu,
masharubu yake marefu kuliko mkono wangu,
na shakwe wamemnyea toka kofia hadi kitara.
Mkubwa ni jalala. Waliosema hawakukosea,
ila hawakusema nani atazoa.
Napangusa. Hashukuru.

Baba wa babu yangu, Oreste, alikuwa msubu.
Shaba ilipopoa, wenzake ishirini
waliandika meza humu, tumboni mwa farasi,
wakala samaki wa chumvi, wakanywa divai
kwa mwanga wa mishumaa, magoti yakigusana.
Oreste alikuwa mbilikimo wa kundi: yeye tu hakuinama.
Alipotoka, koti lilipungua kifungo.

Zelinda ndiye aliyemshonea kingine,
na hakuipenda hadithi ile.
Jiko la mama yake lilikuwa hapahapa,
pale ngazi zinapoanza kukata pumzi,
na mtini uliochungulia dirishani,
na jirani wa kukopa chumvi asiyerudisha.
Walipewa miezi miwili na hati yenye muhuri.
Kisha marumaru ikaja kwa treni, nyeupe, nyeupe,
nyeupe ya kuusuta mji mzima wa rangi ya udongo.
Miaka hamsini Zelinda alipita njia ya nyuma.

Mimi napita mbele kwa sababu nalipwa.

Leo upepo umelala. Nashuka hadi chini ya tumbo,
nabisha kwa kifundo cha kidole
kama mtu aliye mlangoni kwa wakwe.
Ngo.
Nabisha tena, sasa kwa ngumi.
Kitu kinaviringika ndani, kidogo, kikavu,
kinateremka mguu wa nyuma, kinanyamaza kwatoni.
Tarcisio, msimamizi, anasema ni kutu.
Huenda.

Mfalme anatazama kule wafalme wanakotazama.
Walinzi wawili wanapokezana zamu
kando ya moto wa askari asiye na jina.
Nasuuza brashi. Maji yanakwenda na cheupe cha ndege.
Nagusa kifungo cha koti langu, cha pili toka juu,
kilicholegea tangu Jumapili.