Usifikiche

Mwezi wa sita, Kitangari huamka njano.
Si jua. Ni salfa.
Mabomba yananguruma mashambani tangu alfajiri,
na kipupwe, kisichojua mpaka wa shamba,
kinaniletea mgawo wangu hadi kibarazani,
mimi nisiye na hata mche mmoja wa mkorosho.

Huanza pembeni, huku karibu na pua,
kama sisimizi mmoja aliyepotea njia.
Nasema nitamvumilia.
Naye anaita ukoo mzima.
Nafikicha. Utamu ulioje!
Utamu wa mkopo: leo unakula,
kesho mwenye duka kasimama mlangoni.
Kope zinaumuka kama maandazi.

Na mimi ni fundi cherehani.
Tundu la sindano halina huruma.
Mwaka jana nilimshonea mwalimu Chitanda
mkono wa kushoto kwenye bega la kulia;
akajaribu, akacheka, hakulipa.

Msibani kwa mzee Nangolo nilisifiwa:
"Somoe analia kwa dhati."
Marehemu sikumjua sana.
Walinikalisha chini ya mkorosho uliochanua.

Mtaani wakaanza hesabu zao.
Macho mekundu asubuhi, mekundu jioni:
huyu mumewe anampiga.
Mchopa wangu, asiyeweza hata kuchinja kuku,
akawa anasalimiwa kwa nusu mdomo.

Asumini alileta maziwa yake ya kifuani, kijiko kizima,
"tia, bibi zetu walitia."
Wifi akaleta chupa ya matone ya mwanawe,
imefunguliwa tangu Ramadhani.
Nikashukuru. Sikutia. Nikaenda zahanati.

Sista Lukresia alinipindua kope
kama mtu anayekagua pindo la gauni.
"Mzio," akasema.
"Chavua, vumbi, hiyo salfa yenu. Si uchawi, si ndoa.
Lakini moto unauchochea mwenyewe:
kila ukifikicha, umeongeza kuni."
Akanipa matone, akaandika siku za kutia.
Ukiona ukungu, mwanga ukikuchoma,
usingoje gulio, rudi siku hiyo hiyo.
"Na uoshe uso kwa maji safi.
Kisha kitambaa cha baridi, dakika kumi, macho yamefumbwa."

Maji! Nilicheka mpaka machozi, ya kweli safari hii.
Sista, sisi tuko juu huku,
ndoo tunainunua kama tunanunua mafuta.
Hakucheka. "Kikombe kimoja, Somoe.
Jicho si jaruba la mpunga."

Kikombe kimoja.
Nimekiweka juu ya mtungi, na kawa juu yake.

Siku hizi dirisha la upande wa shamba silifungui
mpaka mabomba yanyamaze.
Foronya naziosha kila Ijumaa.
Na Mchopa, anayepuliza mikorosho ya watu kwa ujira,
havuki kizingiti na shati la kazi:
analitundika kwenye mpapai, nyuma ya jiko,
anajimwagia kichwani kata moja,
anaingia na msuli, anatetemeka, ananilaumu kwa macho.

Kwa macho.
Hapo ndipo nilipoyatazama.
Mekundu kuliko yangu.
"Tangu lini?"
"Tangu nianze kupuliza."
"Miaka tisa?"
Akainua bega. Mwanamume, eti, ataumwa na vumbi?
Na mkono wake, tayari, unapanda kuelekea jichoni.
Nikaudaka.

Kitambaa kilikuwa kimoja.
Nikachukua mkasi wangu wa kazi, nikakipasua katikati,
sikukipinda hata ukingo.
Kikombe kile kile kikatosha vipande viwili.

Tukalala chali mkekani, jioni, mlango wazi.
Gizani humo baridi ikatambaa taratibu,
sisimizi wakarudi kwao mmoja mmoja.
Mchopa anahesabu dakika kama anayehesabu magunia ghalani,
akikosea, anaanza upya, nami namwacha akosee.

Jirani akipita atuone hivi,
wawili, kimya, nyuso zimefunikwa, tumeshikana mikono isifikiche,
achague mwenyewe la kwenda kusema.