Asilimia Tisa

Waliileta mifupa katika mfuko wa saruji,
wachimba mtaro wa bomba, kule Kisanga.
Mmoja aliubwaga mezani,
kisha akaona haya, akauinua tena,
akaulaza polepole.

Shaba ya udongo wetu haichagui:
paja kijani, ubavu kijani,
kama sarafu iliyosahauliwa chini ya birika.
Mimi Kabwita, fundi wa skana, zamu ya usiku,
miaka kumi na minne napiga picha mapafu ya Lubumbashi,
na huyu ndiye mgonjwa wa kwanza
kunitii kabisa nilipomwambia asipumue.

Mashine ikamkata bila kisu,
vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara,
nami nikamjenga upya kwenye kioo.
Nyonga pana. Pembe ya kinena imeachama:
nikaipima kwa kidole gumba na cha shahada,
vikaenea.
Nyuma ya sikio kinundu kidogo,
kipaji laini, hakina tuta.
Taya tu ndilo lililobisha,
limekaa mraba, taya la mtu aliyezoea kukataa.
Kompyuta ikafikiri. Umeme ukakatika.
Jenereta ikakohoa, kompyuta ikaanza kufikiri upya:
mwanamke, asilimia tisini na moja.

Fomu ni ya Kifaransa, ina visanduku viwili.
Kiswahili changu hakijawahi kuniuliza hivyo.
Alizaliwa. Alicheka. Alidaiwa kodi ya nyumba.
Alitoka asubuhi akasema anarudi.
Sentensi zote zinasimama
bila kumvua mtu nguo.

Nje, kwenye benchi, Mama Kilufya,
mwaka huu wa sita anamtafuta mwanawe Kisimba,
mchimbaji; mapajani kitenge kipya,
amekikunja, cha kumfungia.
Nikamwambia. Hakulia.
Alishusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo njiani
akakumbuka nyumbani bado ni mbali.
"Na zile tisa?"
Zile tisa sikuwa na jibu lake.
Akakaa nazo kidogo. Kisha:
"Basi huyu mwanamuke, ni nani anamutafuta?"

Kitenge akaniachia.
Kina ndege wa buluu, na bado kinanuka duka.
Nilipokwisha kumfunika nikaona kijani kwenye kucha zangu,
nikanawa, nikanawa tena.
Saa kumi na moja alfajiri nikatia alama kwenye F,
ndogo, kwa penseli.