Nyota Moja

Wakili alikuwa na mafua, na dirisha lake
lilitazamana na duka la matairi.
Kabla sijaegemeza mkongojo ukutani aliniuliza:
"Orrin, simu ilikuwa imewaka?"

Imewaka, nikasema. Simu yangu haizimwi.
Verna huiita mke mwenza.

"Sivyo. Nauliza ulikuwa wa nani
saa moja na dakika arobaini na moja usiku."

Akachora mstari kwenye karatasi,
akaukata vipande vitatu kama soseji.
Hapa programu imezimwa: wewe ni wako.
Hapa imewaka, unasubiri: wewe ni wa nusu.
Hapa umeshapokea oda, tumbo la mtu linakungoja:
hapa tu ndipo kampuni ina bima,
na bima ina mfuko.

Niligongwa njia panda ya Monroe na Secor,
theluji ya Toledo imeshakuwa tope la kijivu.
Lori dogo jekundu lilipita taa nyekundu
kana kwamba rangi zilikuwa zimepatana.
Nyonga ikaenda huku, goti likaenda kule.
Supu ya mteja wa mwisho nilikwisha ifikisha,
bado inafuka moshi.

Kampuni ikaandika: hukuwa na oda.
Bima yangu ikaandika: ulikuwa kazini,
na gari hili tulilikatia bima la familia, si la biashara.
Kwa hawa nilikuwa kazini mno,
kwa wale sikuwa kazini kabisa.
Husemwa tembo wakipigana nyasi huumia.
Hawa hawakupigana. Walinirushiana kwa adabu,
na chini ya kila barua: tunakutakia nafuu ya haraka.

Na yule wa lori?
Ana bima ya kumwonyesha polisi,
haifikii hata bei ya vyuma vilivyomo nyongani mwangu.

Na fidia ya wafanyakazi?
Bi Szymczak akapenga kamasi.
"Mkataba unakuita mkandarasi huru."
Huru! Nilicheka mpaka mbavu zikanikataza.

"Usisaini kitu," akasema, "hata risiti ya piza.
Kumbukumbu zao tutaziomba, nao watachelewa kwa makusudi.
Nani mwingine alijua ulipo usiku ule?"

Nani?
Verna alikuwa zamu. Mungu, labda.
Halafu nikakumbuka nyota moja.

Ilinifikia wodini, dawa ikinielea kichwani,
kioo cha simu kimepasuka kama barafu ya mtoni:
*Dereva kasimama njiani dakika hamsini.
Tambi zangu sikuziona. Mvivu. Imogene.*
Na kwa hasira yake alikuwa ameambatisha picha:
ramani, kigari changu kidogo cha buluu
kimekwama katikati ya njia panda,
na juu yake: *Orrin amepokea oda yako*,
saa moja na dakika arobaini.

Dakika moja kabla.
Kidole gumba kilikubali, mimi sikumbuki.
Baadaye oda ikafutwa,
na kilichofutwa, kwa hesabu yao, hakijawahi kuwepo.

Bi Szymczak aliisoma mara tatu.
Kitambaa cha mafua kikamdondoka.
"Huyu mama," akasema, "anakuchukia vizuri sana."

Barua imekwenda Jumatatu. Hawajajibu.
Verna anauliza kama si vyema tumpelekee yule mama tambi,
nami namwambia ngoja, wasije wakasema tumemhonga shahidi.

Usiku, nyonga ikikataa kulala,
naifungua ile picha.
Kigari hakijasogea.
Nakikodolea macho, nakivuta kwa vidole viwili,
nakitukana kidogo.
Imogene, sikulaumu.
Hata mimi namsubiri yule dereva.
Hata mimi nina njaa.