Majibu ya Hoja Namba Kumi na Saba

Ndugu Mkaguzi,
umeuliza kwa wino mwekundu
kwa nini dirisha la masjala, hapa Sikonge,
halifungiki,
na kwa nini majalada ya ardhi, herufi M hadi N,
yameota ukungu.
Hoja yako ni fupi. Niwie radhi,
jibu lina mwaka mzima ndani yake.

Dirisha lile lilipakwa rangi likiwa limefungwa.
Tulilihesabu kuwa ukuta wenye kioo.
Chumba ni hatua saba kwa tano,
kabati sita, karani wanne,
feni iliyokufa kabla sijaajiriwa.
Ugonjwa ulipofika
haukuripoti kwa mtu, haukusaini kitabu cha wageni.
Tulisikia tu kikohozi kimekaa kwenye benchi
kati ya mrina asali aliyefuata kibali
na mjane aliyefuata hati ya shamba.

Maelekezo yalikuja, karatasi moja:
ofisi isifungwe.
Watu wasisongamane.
Sentensi mbili zilizopanga nyumba moja
bila kusalimiana.

Ndipo Ntabo, mhudumu wetu
(kibarua, posho yake ya Aprili bado),
akaja na tindo ya kaka yake.
Alipiga mpaka saa nne.
Bawaba ya juu iling'oka, fremu ikapinda
kama mdomo wa mtu anayetaka kulia
akakumbuka yuko kazini.
Hewa ikaingia, na harufu ya tumbaku kutoka maghalani,
na wananchi wakahudumiwa wakiwa nje.

Nje, foleni ikawa ya vitu:
kofia, kidumu cha asali, ndala moja ya kushoto,
kila kimoja na jiwe lake, hatua mbili mbili,
wenyewe wametawanyika kwenye kivuli cha ghala
wakilinda zamu zao kwa macho.
Hakuna kofia iliyoruka foleni.
Ndoo ya bomba ilijazwa kila alfajiri.
Mtambo wa maji ulikuwa umeharibika; aliijaza nani,
umeshamjua.

Umeorodhesha pia ungo mmoja usio na risiti.
Ni wa nyumbani kwake Ntabo.
Barua zote zilizoingia
tulizianika juani kama michembe,
siku nzima, ndipo tuzifungue.
Siku moja upepo ukatushinda.
Tukazikimbiza uwanjani, watu wazima wenye barakoa,
kila mmoja akimkwepa mwenzake.
Barua ya uhamisho wa Bwana Msabila haikuonekana.
Ilipatikana baada ya wiki,
kona yenye saini imeliwa na mbuzi.
Alicheka. Alisema mbuzi kamzuia kwa maandishi.
Akabaki akisubiri nakala.

Angekuwa Nzega.
Hilo silo hoja yako, najua.
Kiti chake tumekisogeza ukutani.
Kwenye daftari la mali kinasomeka: kizima, kinatumika.
Sijui nikiandike vipi vingine.

Naye Ntabo aliulizwa na mwanawe
mama, kazi gani hiyo isiyo na barua?
Akaja kunisimulia huku anapiga deki,
hakungoja jibu,
akainua miguu yangu kama kawaida.

Majedwali yako yataonyesha
hatukufunga hata siku moja.
Hati mia tatu na kumi na mbili.
Vibali vya asali.
Vyeti, vya kuja na vya kwenda,
vyote vilipitia shimo lile,
kalamu ya mwananchi upande wake,
yetu upande wetu.

Fundi ametaja laki moja na arobaini. Fungu halipo.
Mvua ikianza tunaziba kwa turubai
na mara nyingine tunachelewa, ndiyo,
herufi M na N zimelowa,
M ni ya Msabila pia, shamba la babu yake limo humo,
nimelianika mwenyewe, linasomeka.

Jana bibi mmoja kutoka Kitunda
aliegemea fremu ile iliyopinda, akaita hodi.
Mlango ulikuwa wazi hatua tatu kushoto kwake.
Hakuutazama.

Naomba hoja ifungwe.
Dirisha, ukiniruhusu,
libaki.