Robota la Sardinha

Nilikata kamba za robota Jumanne, soko la Mwanga,
nikitafuta suruali za watoto, maana shule zinafungua.
Zikatoka jezi.
Moja, ya pili, hata ya saba,
na mgongoni mwa zote jina lile lile:
SARDINHA.

Mwanzoni nilidhani ni kampuni.
Kisha nikaona zinavyokua:
ya kijani, ya mtoto wa miaka kumi,
namba tisa imeshonwa kwa mkono, kwa uzi wa pazia,
mshono wa mtu aliyekuwa anasinzia;
inayofuata imetanuka mabega;
ya tatu ina jina la benki kifuani
na namba ishirini na saba.
"Benki kifuani, benchi matakoni,"
alisema Gwimo wa baiskeli. Hakuna aliyemuuliza.

Ntahondi, aliyechonga milango miaka kumi na miwili kule Nampula,
ndiye aliyetusomea.
"Hiyo nh ni ny. Sardinya. Mreno huyu.
Na jina lake, jamani, ni dagaa."

Soko zima likacheka.
Dagaa! Katoka Ureno kafungwa kamba,
kapanda treni, kapita Tabora, Urambo, Uvinza,
aje auzwe Kigoma,
kwa watu wanaojua bei ya dagaa hata wakiwa usingizini.

Usiku nikazifua kwa sabuni ya mawese,
nikazianika kwa kufuata ukubwa,
kwani historia yake nyingine sina.
Ya nne ina mikono mirefu, nzito kama blanketi,
herufi zake zimegeuka
kama viatu vilivyovaliwa kulia kushoto.
Kiwiko kilichanika huko,
na aliyekishona si yule wa uzi wa pazia.
Ya tano ina chumvi kwapani. Maji matatu, haitoki.
Ya sita niliisoma mwenyewe, kuanzia kulia:
sin, ra, dal…
Mwalimu wangu wa chuo pale Ujiji hakujua
kuwa fimbo zake zingenifikisha
kwenye mgongo wa mshambuliaji.

Dagaa hufuata taa.
Karabai ikizimwa hapa, watazame kule.
Nikaona chumba chenye kitanda kimoja,
mkataba wa miezi sita, begi lisilofunguliwa lote,
na dirishani, mbali, taa za uwanja.

Kaka yangu Bilantanye naye alicheza:
Tabora, Kahama, Songea, Tabora tena.
Alirudi na goti na redio.
Mabao hatumuulizi.

Sita nikawauzia vijana wa Bangwe, elfu nne kila moja.
Jumapili nikafunga meza mapema, nikaenda.
Sardinha akampasia Sardinha,
Sardinha akateleza, Sardinha akamfunika,
mpira ukamwangukia Sardinha mdogo,
mtoto wa Nzeyimana, kijani kimembana tumbo,
akapiga kwa ugoko. Bao!
Refa alitoa kadi, akachungulia mgongo, akaandika,
akawatazama waliobaki, akafuta.
Nilipiga vigelegele mpaka Gwimo akaniuliza
yupi kati yao ni mwanangu.

Imebaki ya saba.
Nyeupe, lebo inaning'inia,
namba tisa imemrudia.
Ndani ya robota ilikuwa imekunjwa peke yake,
namba imeelekezwa ndani,
na mikunjo imepigwa pasi.
Nani hupigia pasi nguo anayoitupa?

Jana Bilantanye aliichukua, akaitia puani.
"Haina kitu," akasema. "Hii hakuivaa."
Akairudisha mezani polepole,
kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia begani,
akachechemea zake kuelekea stesheni.

Wateja wakiuliza bei
nawatajia elfu thelathini,
waende.